Maternele inayoendeshwa na wazazi: ilitoka wapi, na inamtaka mzazi afanye nini

Mama mmoja wa komine ya Katuba, hapa Lubumbashi, ameniandikia hivi: "Tuko familia tisa kwenye avenyi yetu. Watoto wetu wa miaka mitatu na minne wanashinda barabarani, na maternele ya karibu inataka pesa tusizoziweza. Mwenzetu aliyeishi Kanada ametuambia huko kuna maternele za ushirika: wazazi wanaziendesha wenyewe na kila mmoja anafanya zamu darasani. Tumependa. Lakini mzee mmoja anasema hiyo ni komite ya wazazi iliyovishwa jina jipya, na mwingine anasema ni mambo ya wazungu wenye nafasi. Kitu hicho kilitoka wapi hasa? Kina mawazo gani nyuma yake? Na kwetu kinaweza kusimama?"

Mama, nimefundisha maternele, shule ya watoto wasiofikia umri wa shule ya msingi, miaka mingi kabla ya kuanza kusindikiza vikundi kama chenu, na wazee wako hao wawili nawafahamu: wako kwenye kila avenyi. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli na anakiita ukweli mzima. Nianze na huyu wa wazungu wenye nafasi.

Mwaka 1916, katika mji wa Chicago, Marekani, wanawake 12 walioolewa na walimu wa chuo kikuu cha huko walifungua shule ndogo ya watoto wao. Walikuwa na sababu tatu. Walitaka watoto wapate wenzao wa kucheza nao. Walitaka wao wenyewe wajifunze kulea. Na walitaka saa chache za kufanya kazi ya Msalaba Mwekundu, maana Ulaya ilikuwa vitani. Sidhani kama kuna aliyelala njaa kati yao. Kwa hiyo mzee hakusema uongo: mlango huu ulifunguliwa na watu wenye nafasi, ya pesa na ya muda.

Lakini tazama ile sababu ya pili, maana ndiyo iliyodumu. Shule za watoto wadogo zilikuwako zamani. Robert Owen alifungua yake mwaka 1816 kwenye kiwanda cha pamba cha New Lanark, Scotland, kwa watoto wa wafanyakazi wake. Friedrich Fröbel alianza yake Ujerumani mwaka 1837, baadaye akaiita bustani ya watoto. Maria Montessori alifungua Nyumba ya Watoto mwaka 1907 huko San Lorenzo, mtaa wa maskini wa Roma. Zote zilikuwa na wema mwingi, na kwa sehemu kubwa zilikuwa na sura moja: mtu anayejua anafungua shule kwa ajili ya watoto wa watu wasiojua. Mzazi anamleta mtoto mpaka mlangoni, anageuka, anaenda zake kazini.

Wale wanawake wa Chicago waliingia ndani. Katika chuo hicho hicho John Dewey alikuwa amefungua shule yake ya majaribio mwaka 1896, akifundisha kwamba mtoto anajifunza kwa kutenda, na kwamba shule ni jamii ndogo inayoishi. Mimi nasoma kazi ya wale wamama kama swali lililoongezwa juu ya fundisho hilo: ikiwa mtoto anajifunza kwa kutenda, mama yake je, atajifunza kulea kwa kusikiliza hotuba? Jibu lao lilikuwa zamu. Mwaka 1927 wamama wengine walifungua shule ya namna hiyo Berkeley, California, na Katharine Whiteside Taylor, aliyekuwa miongoni mwao, akatumia maisha yake kuieneza na kuiandikia. Huko Seattle alikohamia, shule hizi ziliunganishwa na elimu ya watu wazima. Hata leo katika jimbo la Washington mzazi anayeandikisha mtoto kwenye maternele ya ushirika mara nyingi anaandikishwa naye, kama mwanafunzi wa chuo cha karibu, kwenye somo la malezi. Mtoto ana darasa lake. Mzazi ana lake, na darasa la mzazi limo ndani ya darasa la mtoto.

Umeuliza falsafa, Mama. Ni hiyo. Mengine yote, kura, zamu za kufagia, daftari la pesa, yanatoka humo.

Nikueleze inavyofanya kazi, maana kwa maneno matupu haionekani. Mama anayelea peke yake ndani ya lupango, kiwanja cha nyumba yake, anamjua mtoto mmoja au wawili, na aliyemjua mmoja hana kipimo. Mtoto wake akimuuma mwenzake, anafikiri amezaa chui. Siku ya zamu anakaa katikati ya watoto kumi wa miaka mitatu, anaona kwamba watatu wanauma, wawili bado hawatoi sentensi nzima, na mmoja akicheka sana anajikojolea. Anarudi nyumbani na mkono mwepesi zaidi. Na kuna upande wa pili. Niliwahi kuwa na mama aliyemwadhibu mtoto wake kila siku kwa ukaidi, "hasikii kabisa huyu!" Zamu yake ya tatu aliona watoto wote wanageuka sufuria inapoanguka nyuma yao, isipokuwa wake. Neno "hasikii" alikuwa akilitamka mwaka mzima bila kulisikia. Hakuna karatasi ya shule ambayo ingemwonyesha hivyo.

Naongeza onyo ambalo vitabu vinalipitia haraka: siku ya zamu ya mama, mtoto wake ndiye atakayekuwa mbaya kuliko wote. Atang'ang'ania pagne yake, atawasukuma wenzake wakimkaribia, atalia bila sababu. Usiaibike wala usikimbie. Ni kazi kubwa kwa mtoto wa miaka mitatu kukubali kwamba mama yake anaweza kumfuta kamasi mtoto wa jirani na bado akabaki mama yake. Inachukua zamu kadhaa, kisha inapita.

Turudi kwa mzee. Anachokosa ni kwamba jambo hili halikubaki kwa wake za walimu wa chuo. Mwaka 1941, huko Wellington, New Zealand, waume wengi walikuwa vitani na wake zao wamebaki na watoto peke yao. Wakaanza kukusanyika: leo wewe unabaki na watoto pamoja na fulani, kesho mimi. Mwaka 1948 vikundi vyao viliungana kuwa shirikisho la nchi nzima, likiongozwa na Gwen Somerset, na vikaenea hadi vijiji vya wafugaji wa kondoo. Huko mzazi anajifunza hatua kwa hatua mpaka anaendesha asubuhi nzima na wenzake bila kumngojea mwalimu wa nje. Uingereza nayo, mwaka 1960 serikali ilizuia kuongezwa kwa nafasi za maternele za umma. Mwaka uliofuata mama mmoja wa London, Belle Tutaev, aliyekuwa ameanzisha kikundi chake mwenyewe, aliandika barua kwenye gazeti la Guardian akiwaita wazazi wengine. Barua moja tu, ikazaa chama cha nchi nzima.

Hadithi ninayoipenda kuliko zote, na ninayowasimulia watu wa Katanga kwa sababu ya vyuma vyake, ni ya Villa Cella, kijiji karibu na mji wa Reggio Emilia, kaskazini mwa Italia. Ni majira ya masika ya mwaka 1945, vita vimekwisha siku chache tu. Wajerumani wamekimbia, wameacha nyuma kifaru kimoja, malori matatu na farasi sita. Wanakijiji wakakaa: mali hii tuifanyie nini? Wakaiuza, na kwa pesa hiyo wakaanza kujenga shule ya watoto wadogo. Matofali waliyatoa kwenye nyumba zilizobomolewa na mabomu, wakayasafisha kwa mikono. Mwalimu kijana aitwaye Loris Malaguzzi alisikia, hakuamini, akapanda baiskeli kwenda kujionea. Hakuliacha tena jambo hilo mpaka alipofariki mwaka 1994. Mwaka 1963 manispaa ya Reggio Emilia ilifungua shule yake ya kwanza ya maternele, na baadaye zile za wananchi nazo zikaingia mikononi mwake, kwa hiyo leo si ushirika kwa maana kali ya neno. Lakini wazazi hawakutoka ndani. Wewe unayekaa mji ambamo kila kipande cha chuma kina mnunuzi, fikiri kidogo: watu wenye njaa wauze kifaru, kisha wasigawane!

Na kama mzee bado anasema ni mambo ya wazungu, mpe Kenya. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, Jomo Kenyatta alipowaita watu kwenye harambee, vijiji vingi vilijijengea shule za watoto wadogo. Wazazi walitoa nguzo na michango, wakamchagua msichana aliyesoma kidogo awe mwalimu, wakamlipa wao. Mombasa, katika miaka ya 1980, Bi Swafiya Said, mwalimu wa huko, alitembea mtaa kwa mtaa kuwashawishi wazazi Waislamu waweke darasa la watoto wadogo karibu na madrasa, kwa msaada wa shirika la Aga Khan. Vifaa vilitengenezwa kwa vitu vya hapo hapo, na kamati za wenyeji zikasimamia. Mpango ukafika Zanzibar na Uganda. Hao ni watu wanaosema lugha yetu.

Yule wa komite ya wazazi anastahili jibu refu zaidi, maana kosa lake lina mizizi katika historia ya mji huu.

Babu zetu wengi walikuja hapa kwa ajili ya Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba iliyoundwa mwaka 1906. Mwanzoni kampuni ilitaka wanaume peke yao, kwa mikataba mifupi. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 ikabadili hesabu: ni faida zaidi mfanyakazi akikaa kambini na mke na watoto. Basi ikatoa nyumba, posho, hospitali, na shule pamoja na wamisionari. Watoto wachanga walipimwa uzito, mama akaambiwa la kufanya. Wazee walikuwa wakisema kampuni njo baba, njo mama, na walisema kweli kuliko walivyodhani: baba na mama wa nyumbani walikuwa wamepunguziwa kazi hiyo. Ilipotaifishwa mwaka 1967, na baadaye kuitwa Gécamines, mwenye mali alibadilika, desturi ikabaki. Shule ilikuwa kitu kinachoshuka kutoka juu, kama posho.

Kisha mgodi wa Kamoto ukaporomoka mwaka 1990, na kampuni ikaporomoka nao. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Baba na mama akafa. Upande wa serikali hali haikuwa tofauti. Shule zilizochukuliwa na Mobutu kutoka kwa makanisa mwaka 1974 zilirudishiwa makanisa kuziendesha kwa mkataba wa mwaka 1977, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1990 mshahara wa mwalimu ulikuwa hautoshi hata kununua mfuko wa unga. Walimu wakagoma, na wazazi wakakubali kuwalipa primi, nyongeza ya mshahara, kutoka mfukoni mwao. Walilipa karibu miaka 30, mpaka serikali ilipotangaza masomo ya bure kwa shule za msingi za umma mwaka 2019. Sitaki mtu aidharau pesa hiyo. Bila ya wazazi, shule za Kongo zingefungwa.

Ila angalia komite ya wazazi ilifanya kazi gani katika miaka hiyo. Iliitwa mwanzoni mwa mwaka kukubali bei, na katikati ya mwaka kukubali nyongeza. Mzazi wa Lubumbashi amelipa shule tangu akiwa kijana mpaka amepata wajukuu bila kukaa darasani hata asubuhi moja. Akienda, anasimama kwenye mlango wa direktrisi na risiti mkononi. Kwa hiyo anaposikia "shule ya wazazi", anaelewa "shule inayolipwa na wazazi", na hapo mzee wako yuko sawa kabisa: kama mnataka hiyo, mnayo tayari, na jina jipya halina kazi.

Ushirika una asili nyingine. Mwaka 1844 mafundi 28, wafumaji na wengine, walifungua duka lao katika mji wa Rochdale, Uingereza, wakaweka kanuni ambazo vyama vya ushirika vya dunia nzima vinazitumia hadi leo. Mbili ndizo zinazotuhusu hapa: kila mwanachama ana kura moja, awe ametia hisa moja au hamsini, na chama kina wajibu wa kuwaelimisha wanachama wake. Sheria ya ushirika ya OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, ya mwaka 2010, ambayo inatumika Kongo tangu tulipoingia mwaka 2012, inasema hivyo hivyo juu ya kura. Familia yenye jeep na familia yenye baiskeli zinahesabiwa sawa. Katika komite ya kawaida, jaribu uone nani anasikilizwa.

Sasa, kwetu itasimama? Nitakuambia udhaifu wake kwanza, maana wanaoipenda sana wanauficha. Ilijengwa juu ya mama asiyelipwa. Marekani na New Zealand, wanawake walipoingia kazi za mshahara kwa wingi, kuanzia miaka ya 1970, shule nyingi za zamu zilikosa watu wa zamu, zikafunga au zikageuka shule za kawaida. Na mama wa Katuba hajawahi kuwa na nafasi ya kukaa. Anauza unga, anauza makala ya kupikia, saa kumi na moja alfajiri yuko njiani kwenda soko la Mzee. Asubuhi moja ya zamu ni bukari, ugali wa siku hiyo, iliyopotea. Mtu akiwaambia mnakili Kanada jinsi ilivyo, mkatalieni.

Hesabu inasaidia. Darasa dogo linataka mwalimu mmoja na wazazi wawili. Siku tano kwa wazazi wawili ni zamu kumi kwa juma. Mko familia tisa: kila familia inapata zamu moja kila juma, na moja inabaki ya kugombaniwa. Ni nzito mno. Mkifika familia ishirini, kila moja inafanya zamu moja kwa majuma mawili, lakini hapo watoto wameshakuwa wengi kwa lupango moja. Njia niliyoiona ikifaulu ni kupunguza siku: asubuhi tatu kwa juma, zamu sita, familia kumi na mbili. Kila mzazi anaacha biashara yake mara moja kwa siku kumi na nne. Hiyo inabebeka.

Zamu ifanywe na nani? Na yeyote wa nyumba hiyo aliye mtu mzima: bibi, shangazi, mjomba asiye na kazi, na baba pia, tafadhali. Nimeona baba mmoja dereva wa teksi aliyekuja ananuna na kuishia kuwa ndiye anayengojewa na watoto wote, kwa sababu ya sauti za injini anazotoa. Asiwe dada mkubwa wa miaka kumi na miwili. Katika malupango yetu ndiye yaya wa kweli, na kila mtu anajifanya haoni kwamba siku anazomlea mdogo wake ni siku ambazo hayuko darasani. Kama maternele yenu itamfanya akose shule zaidi, afadhali msiianze.

Na zamu isinunuliwe. Hapa nitakuwa mkali. Itafika siku mzazi mmoja mwenye pesa atasema: mimi nina kazi, nitatoa franka mara mbili, mwingine afanye zamu yangu. Itaonekana ni akili, na sanduku litafurahi. Baada ya miezi sita mtakuwa na wazazi wa aina mbili, wanaolipa na wanaotumikia, na wanaotumikia wataanza kuitwa wafanyakazi. Kikundi kimoja nilichokisindikiza mjini hapa kilikufa hivyo hivyo, bila ugomvi, kwa adabu nyingi. Upande mwingine, msiwe salongo. Wenye umri wangu wanakumbuka salongo ya wakati wa Mobutu, kufagia barabara kwa amri, anayekosa anatozwa. Ikiwa mzazi anakuja kwenye zamu kwa kuogopa faini, mwili wake uko kwenye kiti na macho yake yako kwenye saa. Mjue kwa nini amekosa kabla ya kumtoza. Mara nyingi ni ugonjwa au deni.

Kitakachowasumbua kuliko yote ni mwalimu. Yuko mahali pagumu ambapo direktrisi wa shule ya kawaida hajui: waliomwajiri ndio anaowafundisha. Asubuhi anamwambia mama usimvute mtoto mkono hivyo, jioni mama huyo huyo anapiga kura juu ya mshahara wake. Mwalimu mwoga atawaacha wazazi wafanye wanalotaka, na mwenye kiburi atawafukuza darasani kwa maneno matamu. Tafuteni anayeweza kusema jambo gumu bila kumwaibisha mtu mbele ya watoto, hata kama cheti chake si kirefu kuliko vyote. Kisha mlindeni: mshahara wake uandikwe kwa mwaka mzima na usiguswe katika mikutano ya kila mwezi. Mzee wa familia mojawapo, asiye na mtoto pale, asimamie maneno kati yake na wazazi. Nimeona mwalimu mzuri akikaa miezi miwili bila kulipwa na kundi la wazazi waliojiita washirika. Hawakuwa watu wabaya. Kila mmoja alidhani mwenzake amelipa.

Mtagombana naye juu ya daftari, tena mapema, labda mwezi wa kwanza. Mzazi wa hapa anataka mtoto wa miaka minne arudi na ukurasa uliojaa herufi na aseme rangi kwa Kifaransa mbele ya wageni. Mwalimu aliyefunzwa vizuri anataka mtoto amimine maji, apange vifuniko vya chupa kwa ukubwa, akande udongo wa kichuguu, aruke kamba. Fröbel alishasema tangu karne ya 19 kwamba mchezo ndio kilele cha ukuaji wa umri huo, na kila aliyekaa zamu kumi anaona mwenyewe: mtoto anayegawia wenzake vifuniko, kimoja wewe, kimoja mimi, ameanza hesabu kabla ya kujua kuandika 1. Hapa ushirika una hatari yake ya pekee, maana wazazi wakiwa wengi wanaweza kupiga kura mchezo ufutwe. Ushauri wangu: mzazi asiyefanya zamu nne asipige kura juu ya mambo ya darasani. Juu ya pesa, ndiyo. Juu ya darasa, akae aone kwanza.

Lugha nayo. Maternele nyingi za mjini zinajisifu kwa Kifaransa kuanzia mlangoni. Sheria ya elimu ya Februari 2014 yenyewe inakubali lugha zetu za taifa, Kiswahili kikiwa kimoja kati ya nne, zitumike kufundishia. New Zealand wenyeji Wamaori walifungua mwaka 1982 viota vya lugha, ambamo bibi na babu wanalea watoto wadogo kwa Kimaori ili lugha isife, na familia ndizo zinazoviendesha. Kiswahili hakifi, asante Mungu. Lakini mkiweka Kifaransa peke yake, bibi asiyekijua hatafanya zamu, na mtapoteza mtu aliyelea watoto kuliko ninyi nyote. Kifaransa kije kwa nyimbo, kidogo kidogo. Darasa liongee lugha ya lupango.

Juu ya pesa sina mengi, mnajua likelemba, mchango wa kupokezana, kuliko mimi. Daftari liwe wazi mezani kila asubuhi, lisibebwe nyumbani na mtu. Mweka hazina abadilishwe kila mwaka hata akiwa malaika. Uji wa saa nne ulipwe na wote kwa pamoja, usiletwe kila mtoto na wake, maana watoto wanatazamana vikombe.

Juu ya karatasi: mnaweza kujiandikisha kama chama kisicho cha faida, chini ya sheria ya mwaka 2001, au kama ushirika mdogo wa OHADA, ambao unahitaji watu watano tu. Vikundi vingi vinachagua ya kwanza kwa sababu ofisi zinaizoea. Chochote mtakachochagua, chama hakigeuki shule kwa kuandikishwa. Kibali cha shule ni barabara nyingine, na inaanzia kwenye ofisi ya elimu ya eneo lenu. Nendeni mapema mkaulize kanuni za maternele. Kuna pia vituo vya jamii vya kuamsha watoto, ambavyo UNICEF imevisaidia sehemu mbalimbali za nchi, ambako wenyeji wanatoa mahali na walezi. Mfano huo unaweza kuwafaa zaidi kwa mwaka wa kwanza kuliko kujiita shule.

Msianze na karatasi lakini. Chagueni Jumamosi tatu mfululizo. Watoto wote ndani ya lupango moja yenye kivuli na choo, kuanzia saa mbili mpaka saa tano, wazazi wawili wa zamu, bila mwalimu, bila jina, bila mchango isipokuwa unga wa uji. Wa zamu waandike kila mmoja mambo matatu aliyoyaona kwa mtoto asiye wake. Jumamosi ya tatu jioni someni hayo maandishi kwa sauti, na mhesabu ni familia ngapi zilifika siku zote tatu. Zikiwa sita au zaidi, niandikie tena, nitakuja na mfano wa kanuni za ndani. Zikiwa chini ya hapo, endeleeni na uji.